Kambale ya Buko Anamaliza Tusamaki ya Yaya Yangu

Mama Clémentine wa mashauri,

Minyi sikuzoea kuandika, nilisoma paka ya tano primere, na kalamu inanichokesha mukono kupita pompe, mais kusema mbele ya bantu njo inanishinda zaidi, njo maana nakutumia hii karatasi, unisaidie, niko mu shida ya samaki, na tafazali usicheke ku radio juu banamuke ya soko bote banakusikilizaka. Jina yangu usiseme. Sema paka muntu wa kwado.

Natumikaka kwado pa mulango wa nyumba yetu, karibu na gare ya treni hapa Kamina, nabandika mapine ya bike na ya moto, zile pikipiki, na kupigamo hewa. Ile nyumba ilikuwa ya yaya yangu Chrispin, mukubwa yangu, mama moja baba moja. Alikuwa anatumika mu camion ya mahindi, kwenda Kaniama na kurudi, na muaka juzi, mu mvua, camion ilipinduka mu matope na yeye alikuwa amekaa juu ya mifuko, hakufika hata ku hospitali. Aliacha bibi yake ya ndoa, Mwadi, na mutoto mumoja mwanamuke, Gloire, sasa iko na miaka saba, na aliacha akwariumu.

Ile akwariumu yaya aliitengeneza yeye mwenyewe, mama, alikata vioo ya madirisha ya nyumba moja ya zamani ile balibomoa, akabandika na silikoni, akaisimamisha juu ya chuma ya kitanda, mu salon, pale muntu anaingia anaona. Tusamaki alituleta toka Mulongo, ku mutoni, mu bidon, kumi na saba, urefu ya kidole ya mwisho, tumbo inaangaza sawa vile kijiko mupya. Gloire alipatia yote majina. Kamoja kalikuwa na alama nyeusi ku shavu akakaita Katone, kengine mukia ilikatika akakaita Kilema, juu ya ile jina mama yake alimugombeza mais jina ilibakia. Na hewa nawapigia minyi, asubuhi na mangaribi, na pompe ya bike, nilifunga tuyau ya sérum, kale kapira ya hospitali, pale ku mwisho, na Gloire anahesabu, pompe mia moja, ananifundishaka minyi hesabu.

Sasa wakati yaya alikufa, Gloire alikuwa na miaka tano, balimutuma kwa nkambo yake, mama ya mama yake, paka kilio iishe, na Mwadi alisema mbele ya jamaa yote, huyu mutoto tutamuambia papa yake iko Kolwezi anatafuta kazi, paka akomae kidogo. Bote tuliitika. Na minyi niliitika. Tangia ile siku Gloire anachunga tule tusamaki juu papa yake akirudi toka Kolwezi akute yote kumi na saba, anasema papa atahesabu.

Mama, nakuelezea yote hii juu uelewe, shida yenyewe inakuya sasa.

Niko na muchumba, jina yake Tshala. Papa yake, Papa Ézéchias, anauzishaka samaki ya kukauka ku soko, anaenda kuichukua Mulongo, anarudi na mifuko. Ndoa yetu maneno yake inabebwa na muyomba wangu Kalombo, ndugu ya mama, na ilikuwa inatembea muzuri. Siku moja mu kiangazi, kisha misa, Papa Ézéchias mwenyewe anafika kwetu na ndoo, anaikaa mu kiti mbele ya akwariumu, anaangalia, anasema:

«Mwana, naona unapendaka samaki. Hii ni mutoto ya kwetu, nilimutosha mu maji na mukono yangu. Mutie na benzake, pale bantu banaona. Tutaona kama unayua kuchunga kitu ya muntu.»

«Ndiyo, papa.»

Paka ile njo nilisema. Weye unayua, mama, siye Baluba na buko hatubishanake, mbele ya papa ya muchumba unainamisha kichwa, unapokea na mikono mbili, unashukuru, na minyi hata mbele ya muntu wa kubandika pine tu niko na haya, sasa mbele ya buko! Mu ndoo mulikuwa kambale. Wakati ile alikuwa mudogo, amepita tusamaki kidogo tu, nikasema mu roho, hakuna shida, bote ni batoto, batakomaa pamoja. Nikamumwanga mule. Gloire alipiga mikono, akasema huyu iko na ndevu sawa vile père wa kanisa.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu ilifanyika. Mwezi wa pili, kambale anakomaa, mama, haraka, unalala unaamuka amekomaa, na tusamaki inakuwa kumi na tano. Nikasema labda zimekufa zikaoza. Kisha kumi na mbili. Njo nikaanza kuangalia. Minyi niko muntu wa kuangalia, muntu hasemi mingi anaangaliaka mingi, nikaacha mapine ya bantu, nikaikaa mbele ya kioo muchana muzima. Na niliona. Hakimbizake muntu. Analala chini sawa vile kijiti, hatikisike, tusamaki mwanzo inaogopa, kisha inazoea, inakuya karibu, inamuchezea ndevu, na yeye anafungua kinywa, basi. Maji inaingia, kasamaki kanaingia pamoja na maji. Hata hakutafuna. Akabakia vile vile, sawa vile hakufanya kitu.

Nilijaribu, mama. Nilitiamo majani ya maji mingi na bipande ya tuyau juu ijifiche, inajificha, mais ikisikia njaa inatoka. Nikafikiri ni njaa inamusumbua yeye, nikaanza kumukulisha, foufou, minyoo, tumbo ya kuku, nikisema akishiba ataachana nabo. Hakuachana. Alikomaa tu zaidi na maji ikaanza kunuka. Siku moja nilikamata chuma ya kutoshea pine, nikasimama juu yake, nikasema leo unakufa. Mukono ilikataa. Ni kitu ya buko.

Nikamuambia Tshala, nitamurudishia papa samaki yake. Akaniangalia sana.

«Weye unafikiri papa alikupatia samaki? Urudishe ile ndoo uone. Ataniambia, unaona, mwanaume yako amekukataa.»

«Mais anamaliza tusamaki ya yaya.»

«Basi sema naye.»

«Nitasema je?»

«Na kinywa, Kabange! Na kinywa!» akachukua kitunga yake akaenda.

(Ile jina usisome, mama. Nimekosea, na sina karatasi ingine.)

Na Papa Ézéchias anafika siku ya Mungu, anagonga kioo na kidole, anauliza, «Mwana, huyu anakulaka nini?» nikasema foufou, akacheka, «Ya kukula foufou itakuwa na nguvu!» Mais mara ya mwisho hakucheka. Aliangalia akwariumu, niliona midomo yake inahesabu, kisha akaniangalia minyi, akasema polepole, «Naona nafasi imeongezeka.» Alikuwa sawa vile anangojea kitu. Nikasema, «Ndiyo, papa.»

Sasa Gloire. Siku Katone ilipotea aliniuliza, «Papa Mudogo, Katone iko wapi?» Nikasema iko mu majani, anajificha. Akakamata kiti yake kidogo, akaikaa mbele ya kioo, na kipande ya mihogo mukononi, paka saa sita, anasema na majani, «Toka, hatutakupiga.» Kisha akageuka akaniuliza, «Papa Mudogo, muntu akijificha siku mingi sana, anasahauka kutoka?»

Mama, nilitoka inje nikaenda kupiga hewa mu pine ile haikuwa na shida.

Nikanunua kwa batoto ya mutoni tusamaki tune ingine, nikatiamo, nikifikiri hataona. Akaangalia akasema «Hii ni bageni.» Na bageni nabo balikulwa. Leo imebakia ine tu ya yaya, na Kilema ni moja ya ile ine. Na Gloire haulizi tena. Asubuhi anahesabu pompe paka mia moja, hahesabu samaki. Na Kolwezi pia haulizi tena. Zamani kila moto ikisimama pa kwado alikuwa anakimbia kuangalia ni nani. Sasa anabakia ndani.

Nikirudisha kambale, napoteza Tshala. Nikimuacha, wiki mbili hakuna samaki ya yaya, na ile mutoto nitamuambia iko mu majani gani? Nifanye je ile ine ibakie? Sisikie usingizi. Nisaidie.

Minyi, muntu wa kwado.

---

MAMA CLÉMENTINE ANAJIBU

Muntu wa kwado, pole. Pole ya yaya yako kwanza, juu naona hakuna muntu alikupatia hata hiyo, balikupatia paka kazi ya kunyamaza.

Uliniomba nifiche jina yako. Nimeificha, na majina ya bengine yote nimebadilisha, hata ile uliandika juu ya haraka. Mais, baba, hapa Kamina kwado iko ngapi yenye akwariumu mu salon? Leo mangaribi bantu batafika kwako na mapine mazima, bajifanye imetoboka. Kwa hiyo neno ya kujificha imeisha. Afadhali vile.

Nianze na samaki, juu haingoje.

Kambale hakukosea kitu. Anafanya kazi yake. Mwenye kukosea ni weye, na ulikosea siku ya kwanza, wakati uliangalia urefu yake ukaacha kuangalia kinywa. Samaki ya kuikaa na ingine haupimake mukia, unapima kinywa, na haupime ya leo, unapima ya mwaka kesho. Kama kadogo kanaweza kuenea mu kinywa ya mukubwa, kataingia, siku moja. Umukulishe, usimukulishe, ni mamoja. Majani inasaidia kurefusha siku, haiokoe. Na ile tumbo ya kuku unatupamo, achana nayo leo, unaozesha maji na unawachokesha bale bane balibakia.

Kwa hiyo utabagabanya. Leo, hapana kesho. Usiweke moustiquaire, neti ya mbu, katikati ya akwariumu, ataisukuma na kichwa, na usiku ataipita. Tafuta nusu ya fût, pipa ya chuma, ile ilikuwa ya mafuta ya kukula, hapana ya mazutu ya camion, isugue na muchanga, isuuze paka harufu iishe. Tiamo maji ya kisima pamoja na maji kidogo ya akwariumu yako, juu asishituke. Kambale anapanda juu kuvuta hewa yeye mwenyewe, hana lazima ya pompe yako, mia moja yako ni ya tusamaki. Mais funika na grillage, ule wavu wa waya, na uweke jiwe juu, kambale anatokaka, anatembea na tumbo, utamukuta mu barabara. Pale ku mudomo ya fût kuko bukali, kata chambre à air ya zamani, mupira ya ndani ya pine, uizungushe yote, asijikwaruze. Ile kazi unaiyua kunipita.

Sasa sikia muzuri, juu hapa njo pale ulipotea njia. Hautamurudisha. Tshala alisema kweli, kitu ya buko hairudishwe. Mais nani alikuambia kumuheshimu buko ni kumulalisha mu chumba ya batoto? Papa Ézéchias akikuya kulala kwako, utamutandikia pamoja na Gloire mu kitanda moja? Hapana. Utamupatia chumba yake. Basi kambale yake ipate nyumba yake, mbele, pa mulango, pale kila muntu wa kwado anaona, na uipake rangi. Utakuwa umemutukuza kupita mwanzo.

Na utamuambia. Weye mwenyewe unaogopa, sawa, desturi iko na dawa ya muntu wa haya: muyomba Kalombo, juu yeye njo anabeba maneno yenu. Aende mbele, aseme, «Mutoto yetu ameona kambale ya papa imekomaa, ameijengea.» Mais weye usibakie mu pine ukimuachia yote. Simama nyuma yake, na Papa akigeuka kukuangalia, sema neno moja kupita «Ndiyo, papa.» Sema: «Ilikuwa inamaliza samaki ya marehemu yaya yangu.» Maneno kumi haina lazima. Hayo inatosha.

Nikuambie kitu? Ule papa anauzisha samaki ya Mulongo. Weye unafikiri hayui kambale anakulaka nini? Alikuuliza. Akahesabu. Akakuambia nafasi imeongezeka, akangoja. Minyi siko mu kichwa yake, pengine ni muntu mugumu tu. Mais kama minyi ningekuwa na binti, na natafuta kuyua kama mwanaume ule atafungua kinywa siku kitu ya nyumba yake inakulwa mbele ya macho yake, ningeuliza vile vile. Alikuambia kuchunga kitu ya muntu. Ulichunga moja, kumi na tatu ikaisha. Na weye uliona yote, uliona hata namna maji inaingia! Kuangalia sana bila kufanya kitu haiko kuchunga, kijana.

Ile kumi na tatu haitarudi. Usitafute ingine ku mutoni, Gloire atakuambia ni bageni, na atakuwa na haki.

Tufike kwa Gloire. Nilitaka kuacha, nikaona siwezi.

Ule mutoto anayua. Pengine hayui na maneno, mais mutoto mwenye kukimbilia kila moto na leo anabakia ndani, ule ameisha kuhesabu. Anabanyamazia juu benyewe mulimunyamazia. Hapana weye wa kumuambia peke yako. Enda kwanza kwa Mwadi, mukalishe, sema naye polepole, anabeba hii uongo miaka mbili na yeye, na hakuna muntu amemusaidia kuitua. Yeye ni mama, yeye njo atasema. Weye utaikaa pale pembeni. Na museme «alikufa». Musiseme amelala, ataogopa kulala. Musiseme ameenda, ataanza kungoja tena. Alikufa, mu njia ya Kaniama, mu mvua, na kaburi iko, na kesho yake mumupeleke aione. Atalia. Mumuache alie, ile kilio balimunyima, ni yake. Pengine atabagombeza bote mbili. Munastahili.

Mais mbele ya ile, leo, kisha kuhamisha kambale, fanya kitu moja. Ita Gloire asimame mbele ya kioo. Tosha majani yote, moja moja, na tuyau, na mawe, utandike chini pa ciment, paka akwariumu ibakie maji tupu, aone kila pembe. Usiseme kitu. Muache ahesabu yeye mwenyewe. Akifika ine, akikuangalia, usigeuke, usiende ku pine ya muntu. Muambie, «Ni ile tu. Ingine kambale aliikula, na minyi nilikuona ukingoja nikakudanganya.»

Kisha murudishe majani pamoja, juu Kilema na benzake banaihitaji kwa kupumzika, na mupige pompe mia moja, ahesabu yeye.

Zima radio, kamata ndoo.

Mama Clémentine